Mwaka wa maonesho wa wanafunzi wa DCMA, Zanzibar: cha kusifu, na namna ya kuwasikiliza

Atakayepata jioni moja tu Mji Mkongwe na akataka kusikia taarab, tunamshauri aulizie kwanza onesho la wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, maarufu DCMA (Dhow Countries Music Academy), kabla ya kufikiria bendi za hotelini. Atasikia kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi (ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo), fidla na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono), kila ala mkononi mwa mtu wake. Sehemu nyingi za burudani siku hizi kinanda kimoja cha umeme hubebeshwa kazi ya watu wanane, na mgeni huondoka akidhani hiyo ndiyo taarab. Wanafunzi hukosea, na wadogo miongoni mwao vidole bado vinatafuta njia. Lakini wanapiga ala zenyewe, na mwaka wao wa maonesho unastahili kusifiwa kwa hoja, si kwa huruma.

Chuo kilianzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa jengo la Forodha ya zamani, Mizingani, linalotazama bahari. Hakikuanzia patupu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905 na kipo hadi leo, na Culture Musical Club ina mizizi yake mwaka 1958. Ndani ya vikundi hivyo kijana alijifunza kwa kukaa nyuma ya mkubwa wake, akitazama mikono, akibeba ala, akingoja siku ya kuitwa. Njia hiyo ilitoa mafundi wakubwa, ila mlango wake ulikuwa mwembamba: ulimtaka kijana awe na mtu wake ndani, na kwa upande wa ala ulimtaka, karibu kila mara, awe mwanamume. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, sauti iliyotikisa pwani nzima ilikuwa yake. Ala zilikuwa mikononi mwa wanaume.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuhesabu jukwaa la DCMA linapojaa ni wasichana wangapi wamekaa na ala, mbali na wale waliosimama mbele ya kipaza sauti. Hapa chuo kimefanya kazi kubwa. Siti Amina, aliyepitia chuoni hapo, anaimba huku akipiga udi wake mwenyewe, na kikundi chake cha Siti & the Band kimesafiri na muziki huo nje ya visiwa. Msichana wa leo anayeingia darasani na fidla hahitaji kueleza kwa nini ameichagua. Hilo peke yake ni mavuno makubwa.

Jambo la pili ni kwamba wanafunzi hufundishwa kusoma nota na kusikiliza kwa sikio, vyote viwili. Wapo wazee wanaosema nota huua taarab, na hoja yao ina uzito: nota za kawaida hazioneshi mteremko wa kidole wala kiasi hasa cha kushusha sauti ya Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Lakini mwanafunzi anayesoma anaweza kukaa na wapiga jazi kutoka ughaibuni asubuhi, na jioni wakapiga pamoja. Kosa huja pale nota zinapobaki mbele ya macho hadi siku ya onesho. Mtoto huangalia karatasi, hamwangalii mwimbaji, na mwimbaji akirefusha neno moja kwa hisia, ala zinamtangulia. Kipimo ni rahisi: kikundi kilichoiva hupanda bila vishikizo vya karatasi, au huviacha kwa bashraf peke yake, kile kipande cha ala tupu cha ufunguzi.

Kanuni ndiyo inayosema mapema kama mwaka ulifanyiwa kazi. Kanuni ya kawaida ina sauti 26, kila sauti ina nyuzi tatu, jumla nyuzi 78. Nyuzi tatu za sauti moja lazima zilingane kabisa. Mmoja ukiteleza kidogo tu, sauti inatetema na kunguruma hata mtu asiyejua muziki anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mwanafunzi anayejua kazi hukaza uzi mmoja, akaziba miwili iliyobaki kwa kidole, kisha akaongeza wa pili, halafu wa tatu. Anayeanza hupiga yote kwa mara moja na kuzungusha ufunguo huku na huku bila kujua ni upi uliokosea. Upande wa kulia, daraja la kanuni limesimama juu ya ngozi, aghalabu ya samaki, na hapo ndipo pwani inapoisumbua ala hii. Masika hewa ikijaa maji, ngozi hulegea, daraja likazama na kanuni nzima ikashuka. Ukiiingiza kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ngozi hukauka na sauti ikapanda. Kuikaza nyumbani kisha kwenda nayo jukwaani ni kazi bure. Ipelekwe ukumbini angalau saa moja kabla, itolewe mkobani, izoee hewa ya pale, ndipo ikazwe. Na mpigaji arudie kuikagua wakati wa mapumziko.

Kushoto kwa kanuni kuna safu za vichuma vidogo vinavyoinuliwa na kulazwa ili kubadilisha sauti. Mtazame mpigaji mkono wa kushoto wimbo unapohama kutoka maqamu moja kwenda nyingine. Aliyeiva huviinua wakati waitikiaji wanavuta pumzi, na mkono wa kulia hauachi kupiga. Asiyeiva husimama, na shimo hilo la kimya lasikika ukumbi mzima. Mwanafunzi wa miaka miwili ya kanuni anayeweza kufanya hivyo bila kuangalia amefika mbali kuliko wengi wanavyofikiri.

Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole ndicho kinachotafuta sauti. Una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene wa chini. Makosa mawili hujirudia kwa wanaojifunza. La kwanza ni kupiga risha, kijiti cha kupigia nyuzi, kwa nguvu ya kiwiko badala ya kifundo cha mkono. Sauti hutoka ngumu na mkono huchoka kabla ya wimbo wa tatu. La pili ni kufunga nyuzi mpya siku ya onesho. Nyuzi za nailoni huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, na udi utakuwa unashuka katikati ya kila ubeti. Zifungwe wiki nzima kabla, zipigwe kila siku. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza, paka chaki kidogo. Vikigoma kuzunguka, paka sabuni kavu. Nyundo na gundi zisikaribie udi.

Sasa tuje kwenye Rasti, maana hapo ndipo tunapopima sikio la kikundi kizima. Rasti ikianzia do, sauti yake ya tatu haipo kwenye kinanda. Inakaa kati ya mi na mi iliyoshushwa. Fidla zinaweza kuipata, udi unaweza, kanuni inaweza kwa kuinua kichuma kinachohusika. Akodioni haiwezi, isipokuwa iwe imechongwa upya ndani. Kikundi kisichosimamiwa kitaacha akodioni ipige mi ya kawaida juu ya mi ya fidla, na wasikilizaji watasema wanafunzi hawakukaza ala, ilhali zilikazwa vizuri. Mwalimu makini hufanya moja kati ya mawili: huinyamazisha akodioni kwenye sauti hiyo, au huchagua wimbo wa maqamu ya Nahawandi au Ajami ambamo akodioni huingia bila ugomvi. Tunapenda zaidi njia ya kwanza, kwa sababu wanafunzi wanalazimika kusikilizana. Fidla nazo zina mtego wao. Watatu au wanne wakiteremka kwenye sauti moja, kila mmoja kwa kidole na kasi yake, utamu hugeuka tope. Wakubaliane kidole kipi kinateremka na upinde unaelekea wapi, na waandike kwa penseli. Dakika kumi za mazoezi ya namna hiyo huokoa wimbo mzima.

Maonesho ya wanafunzi yanafaa kufunguliwa kwa kipande cha ala tupu, bashraf au samai, na tunasisitiza kisirukwe hata programu ikiwa ndefu. Samai huhesabiwa mapigo 10, yakigawanywa 3, 2, 2, 3. Ina sehemu nne, na baada ya kila sehemu kipande kilekile hurudi. Sehemu ya nne ndiyo yenye mtego: mwendo hubadilika ukawa wa mapigo 3 au 6, kisha kikundi lazima kirudi kwenye 10 bila kuyumba. Mpiga dumbaki ndiye anayebeba daraja hilo. Kama pigo la dumu (lile zito la katikati ya ngozi) la kwanza baada ya kurejea limekaa mahali pake, ujue kijana huyo ana kipaji cha kushika kikundi, na apewe jukwaa zaidi mwaka unaofuata. Wapiga ngoma vijana husifiwa kwa kasi. Tungependa wasifiwe kwa hili.

Uimbaji. Taarab ni ushairi kwanza, na hakuna kinachoumiza sikio la Mzanzibari kuliko ubeti uliokatwa pasipostahili. Chukua mstari kama huu: *Naliona jahazini, tanga limekunjuliwa.* Una mizani 16, nane na nane, na mahali pa kuvuta pumzi ni pale kwenye koma. Mwanafunzi anayevuta pumzi baada ya "tanga" amevunja maana na amevunja mizani. Kosa jingine la mara kwa mara ni kumeza silabi ya mwisho, kwa kuwa pumzi imeisha. Kina hupotea, na pamoja nacho utamu wa ubeti unaofuata. Dawa yake ni kuusoma wimbo kwa sauti kama shairi, bila ala, siku mbili tatu kabla ya kuuimba. Waitikiaji nao waufanye hivyo, kwa sababu kibwagizo kikiimbwa na watu kumi wenye matamshi kumi hakieleweki hata kwa aliyekitunga. Sauti za watoto zisishushwe wala kupandishwa ili kufuata santuri ya mtu mzima: uhamishwe wimbo, siyo koo la mtoto.

Tukiulizwa ni kipande gani cha mwaka kinachotoa raha kubwa kuliko vyote, tutajibu kidumbak, muziki wa ngoma ulio ndugu wa taarab, bila kusita. Watu watano au sita wanatosha: vidumbak (ngoma ndogo) viwili vya sauti tofauti, fidla, sanduku, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Sanduku ni besi ya watu wasio na fedha ya besi: kasha la mbao lililopinduliwa, fimbo, na kamba moja. Mpigaji huweka mguu juu ya kasha lisiinuke, huvuta fimbo kukaza kamba sauti ikapanda, huilegeza sauti ikashuka. Hakuna alama yoyote ya kumwonesha sauti ilipo. Ni sikio na mkono tu. Mtoto anayeweza kupiga sanduku likakaa pamoja na fidla amefunzwa kusikia kwa namna ambayo madarasa ya nadharia hayawezi. Kwa skuli isiyo na bajeti, hii ndiyo ala ya kuanza nayo: kasha gumu lisilo na nyufa, mti wa kiasi cha mita moja na robo, kamba ya nailoni isiyosokotwa. Kamba ya katani hukatika na huumiza vidole.

Kidumbak huanza taratibu, nyimbo zikaunganishwa moja baada ya nyingine, mwendo ukapanda. Tatizo la wanafunzi ni kupanda mapema. Dakika ya tatu wako kasi ya mwisho, fidla imeshindwa kufuata, mkwasa umepoteza mahali. Mkwasa ndio unaopaswa kuwa breki, kwa hiyo usipewe mtoto aliyekosa nafasi kwingine, kama inavyofanyika vikundi vingi. Apewe mtulivu kuliko wote.

Kalenda ya mwaka inataka akili. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo kitovu chake ni Ngome Kongwe. Wanafunzi na wahitimu wa DCMA wamekuwa wakipanda huko, na kwa kijana kusimama mbele ya umati ule baada ya wapigaji kutoka bara zima ni mtihani usio na mfano. Masika, Machi hadi Mei, ala hazitulii na wageni ni wachache. Ni wakati wa mazoezi na vipande vipya, siyo wa onesho kubwa. Ramadhani muziki husimama visiwani, na kwa kuwa mwezi huo huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, haiwezekani kunakili ratiba ya mwaka uliopita. Kikundi kinachokaa mwezi mzima bila kupiga pamoja kinahitaji majuma mawili ya mazoezi kabla ya kurudi jukwaani. Wanaopanda siku ya Idi bila mazoezi hayo husikika. Saa nayo isipuuzwe: onesho lianze baada ya swala ya Isha, na programu ipangwe ili wapigaji wasikatishwe katikati ya wimbo na adhana.

Kuhusu mahali. Majengo ya Mji Mkongwe yana kuta nene za mawe na chokaa, vyumba vyembamba virefu na dari za juu. Sauti hubaki hewani kwa muda. Kwa udi na sauti ya mtu hiyo ni neema. Kwa ngoma ni balaa. Katika chumba cha watu 50 au 60 ngoma hazihitaji kipaza sauti kabisa, na dumbaki likae nyuma, juu ya mkeka au zulia. Vipaza sauti vikiwa vinne tu, kimoja apewe mwimbaji, kimoja kanuni, kimoja udi, kimoja waitikiaji. Cha udi kiwekwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ala, kikielekea pembeni kidogo ya tundu. Kikitazama tundu moja kwa moja, kitavuma. Akodioni ina sauti ya kutosha bila umeme. Isiachwe kwenye gari lililofungwa mchana, kwa maana nta inayoshika ndimi zake hulainika kwa joto na ndimi huhama. Baada ya hapo ni kazi ya fundi, na mafundi wa akodioni ni wa kuhesabika.

Suala la fedha lisifichwe. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha za wafadhili. Kwa hiyo kiingilio unacholipa mlangoni kina kazi. Pia tunza. Desturi ya kuinuka, kucheza polepole hadi mbele na kumpa mwimbaji noti ni sehemu ya taarab, na wageni wasione haya kuifuata. Kwa onesho la wanafunzi tunapendekeza jambo moja: walimu watangaze mwanzoni kuwa tunzo zote zinaingia kikapu kimoja. Bila hivyo mwimbaji wa miaka 15 huondoka na mfuko umejaa, na aliyekaza nyuzi 78 tangu alasiri huondoka mikono mitupu, na mwaka unaofuata kila mtoto anataka kuimba.

Mzazi anayemfikiria mtoto wake. Ngoma na kuimba vinaweza kuanza umri wowote. Fidla huanza miaka saba au minane, kwa saizi inayomfaa: robo, nusu, robo tatu, ndipo nzima, kumpa mtoto fidla kubwa "aikulie" huharibu bega na kidole cha mwisho. Udi na kanuni vingoje mikono ifike, kwa wengi miaka kumi na kuendelea. Dakika 20 hadi 30 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Ijumaa. Kabla ya kuandikisha, uliza mambo haya ana kwa ana: mtoto atapata ala ya kuazima kwenda nayo nyumbani, au atapiga darasani tu? Nyuzi zikikatika ni juu ya nani? Darasa la kikundi lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Na atapanda jukwaani lini kwa mara ya kwanza? Jibu zuri kwa swali la mwisho ni ndani ya mwaka wa kwanza, hata kwa mkwasa, hata kwa wimbo mmoja, akiwa amekaa kati ya wakubwa wawili wanaojua njia.